Uzio wa Mtoni kwa Mfaume

Waungwana, masheikh, mabibi na mabwana! Mimi, Mwinjuma bin Adamu, mwanafunzi wa darasa la nane katika shule ya bweni ya serikali, skauti mwenye beji mbili, natangaza rasmi habari za bandari kuu ya Mtoni kwa Mfaume, ukingoni mwa Ruvu, upande wa Mlandizi. Bandari hiyo ina mitumbwi mitatu, na mmoja tunaulowekea mihogo. Kuhusu beji, moja niliiokota.

Kitu pekee tulichokuwa nacho cha kujivunia ni uzio. Ruvu una mamba, na mamba hapigi hodi. Kwa hiyo pale tunapoteka maji wazee walisimamisha nguzo ndani ya mto, nene kama paja, zimekaribiana, zimefungwa kwa kamba za magome ya miyombo. Ndani ya uzio huo wanawake huteka maji, watoto huoga, na habari zote za kijiji huanzia hapo, za kweli na za uongo.

Kila mwaka masika yakiisha, nyumba zote hutoka siku moja kuutengeneza. Kila nyumba ina kipande chake. Wanaume huingia mtoni, vijana hubeba miti, wanawake hupika wali na kambare, na asiyekuja hufuatwa kwake kwa ngoma mpaka aone haya. Ni siku ya raha. Lakini ina sharti lake, na sharti hilo halina raha hata kidogo: mamba akipita katika kipande chako, unang'olewa. Nguzo zako zinatolewa, wenzako wanaziba pengo kwa miti yao, na nyumba yako haiteki tena maji ndani ya uzio. Utakwenda kuteka nje, na mamba. Ndiyo kusema utahama. Mzee mmoja aitwaye Saburi aliwahi kung'olewa kabla sijazaliwa. Akahamia Kwala na watoto wake, na mpaka leo mahali pa nyumba yake pameota magugu, hakuna anayepalima.

Sasa nimlete Mzee Mashaka. Huyu alikuwa Mnyamwezi. Baba yake alikuja kujenga reli wakati wa Mdachi, akaoa Mzaramo, akabaki. Mzee Mashaka alizaliwa Mtoni, akazeekea Mtoni, lakini kwetu alibaki mtani tu. Sisi tulimwita mpagazi. Yeye alituambia Mzaramo akifiwa hulia kwanza, kisha huuliza ngoma itaanza saa ngapi. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukunyang'anya kofia msibani, akakudai ada ya kuirudisha, nawe ukacheka na ukatoa.

Kofia yangu ndiyo iliyoleta balaa. Nilipofika likizo ya mwezi wa sita, nimevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na kofia ya skauti, Mzee Mashaka alinipokea njiani kwa kelele.

"Jamani, leteni kiti! Bwana Shauri amekuja kudai kodi!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Shauri. Miguu hiyo wamekupa shuleni, au umekwenda na ya kwenu? Mbona myembamba hivyo?"

Wanawake waliokuwa mtoni wakaangua kicheko, na dada yangu Sikuzani ndiye aliyecheka zaidi. Kisha mzee akaniondoa kofia kichwani akamvika beberu wake. Beberu akazunguka nayo kijijini siku nzima. Jioni nikaikuta, nusu yake imeliwa.

Nilicheka, maana ndiyo desturi. Moyoni sikucheka. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka wenzangu. Nilikuwa nimemwekea kenge mwalimu wa hesabu ndani ya meza yake. Sikuzoea kuwa upande wa kuchekwa.

Basi nikatafuta kitu anachokipenda Mzee Mashaka, nikakipata bila taabu. Alikuwa akijisifia kipande chake cha uzio. "Hata mamba wakipita hapa," alikuwa akisema, "husimama wakasalimia." Na katika kipande hicho nguzo moja ilizidi zote kwa unene, imenyooka, ameichonga kichwa chake kwa panga kikawa duara kama kofia ya darizi. Nikasema moyoni: nguzo hii itarudi nyumbani kwake kwa miguu yake. Ataamka aikute imesimama mlangoni, imevaa mabaki ya kofia yangu. Mtoni nzima watacheka, na safari hii watamcheka yeye.

Ijumaa, wanaume walipokuwa msikitini na wanawake mashambani, mimi nilikuwa mtoni. Naomba isijulikane nilikosa swala. Nikafungua kamba, nikatikisa nguzo mpaka ikalegea topeni, nikaing'oa. Mto ulikuwa umetulia. Ili pengo lisionekane kabla ya wakati, nikapachika mwanzi mahali pa nguzo, nikaufunga kwa kamba ile ile ya mzee. Nilitumia fundo bapa, tulilofundishwa katika skauti: kamba mbili zinakumbatiana, halafu zinakumbatiana tena. Ni fundo zuri sana. Mwalimu alikuwa amesema halifai kwa kamba iliyolowa, lakini siku ya somo hilo mimi nilikuwa namchora yeye.

Nguzo nikaificha mahali ambapo hapana mtu angepatafuta, nikasubiri usiku wa kesho yake niipeleke mlangoni kwa mzee.

Kesho yake asubuhi Sikuzani alikwenda kuteka maji na wenzake. Mimi nilikuwa bado kitandani nachagua maneno nitakayomwambia Mzee Mashaka. Nikasikia kelele za mtoni. Mwanzoni nilifikiri wanacheka.

Mamba hakuwa mkubwa. Alisukuma mwanzi, fundo likaachia, akaingiza kichwa. Kichwa tu ndicho kilichopita, nacho kilitosha. Alimshika Sikuzani mkono wa kulia juu ya kiwiko akawa anamvuta kwenye pengo. Wanawake walimshika dada kiunoni, wengine wakampiga mamba kwa mitungi mpaka mitungi ikavunjika. Aliyemwokoa ni Mzee Mashaka. Alikuja mbio na kafi la mtumbwi, akaruka ndani ya maji, akalisokomeza kafi kinywani mwa mamba, akalisukuma mpaka taya likaachia.

Nilifika dada akiwa ameshatolewa nchi kavu. Mkono ulikuwa haujakatika, lakini haukuwa mkono tena. Mzee Mashaka alikuwa amesimama majini mpaka kifuani, anashika shika pengo la kipande chake kama mtu anayehesabu meno yake baada ya kupigwa.

Sitaeleza kilio cha mama yangu. Nitasema tu kwamba alipomaliza kulia alimgeukia Mzee Mashaka.

"Ulikuwa ukijisifu! Kila siku unajisifu! Nguzo iko wapi, Mashaka? Umeiuza, au umeipikia ugali?"

"Mwanaasha, dada yangu, mimi sijui. Juzi ilikuwepo."

"Mwanangu anaolewa mwezi ujao! Atamshika mumewe kwa mkono gani?"

Jioni wazee walikaa kwa Mzee Mfaume, mwenye mji. Mzee Mfaume ni mtu anayependa mambo yaishe kabla ya chakula. Mzee Mashaka alitoa kipande cha kamba alichokikuta kimening'inia kwenye nguzo ya jirani.

"Tazameni," alisema. "Fundo hili si langu. Mimi sifungi hivi."

"Kila mtu angesema si lake," alijibu Mzee Mfaume. "Kipande ni cha nani?"

"Ni changu."

"Mamba amepita wapi?"

"Kwangu."

"Basi."

Waliamua ang'olewe. Mmoja wao alisema kwa sauti ya chini, lakini ya kusikika, kwamba hata hivyo ana kwao Tabora. Mzee Mashaka alikuwa hajawahi kuiona Tabora. Alikirudisha kile kipande cha kamba kwenye pindo la shuka yake, akalifunga pindo, akaaga. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nimeshika kibatari. Mdomo nilikuwa nao. Niliutumia kupiga miayo, ili waone nimechoka wanipeleke kulala.

Tangu hapo mji ulibadilika. Mke wa Mzee Mashaka akawa anateka maji nje ya uzio, anatupa kata kwa kamba kutoka ukingoni, kila mara akiruka nyuma. Hakuna aliyemtania tena mumewe. Hapo ndipo nilipojua jinsi kijiji kinavyokuwa kimya utani ukikoma. Hata yule beberu hakufukuzwa alipokula mboga za watu. Walimwangalia tu, kama mnyama wa mtu aliyekwisha kufa.

Sikuzani alilala na homa. Bibi mmoja alimfunga majani, yakasaidia kidogo, kisha yakaacha kusaidia. Mkono ukavimba na kunuka. Kando ya kitanda kulikuwa na mkeka wa arusi aliokuwa akiushona, ukili umetawanyika sakafuni.

"Mwinjuma," aliniambia, "nishonee mistari miwili nione."

"Mimi mwanamume, dada."

"Skauti hujui kushona? Kumbe hizo beji za kazi gani?"

Nilitoka nje kwa haraka. Nilimwambia mama moshi umenichoma macho. Hapakuwa na moto.

Alfajiri iliyofuata Mzee Mfaume alisema mgonjwa apelekwe stesheni ya Ruvu, apande gari la moshi kwenda hospitali Dar es Salaam. Ilitakiwa machela. Miti ilikuwepo, shuka ilikuwepo, kamba za miyombo zilikuwepo. Mama akasema, "Mwinjuma amefundishwa hayo." Nikafunga machela mwenyewe, pembe zote nne, na mikono ilifanya kazi ilivyozoea wakati akili yangu iko kwenye pumzi za dada.

Wabebaji walipojipanga, Mzee Mashaka akatokea akiwa amejifunga shuka yake kiunoni. Watu wakatazamana.

"Nani amekuita?" aliuliza mama.

"Mtani haitwi," alijibu. "Mgonjwa wenu nisimbebe mimi, abebwe na nani? Sisi Wanyamwezi tumezaliwa na mzigo begani. Nyie Wazaramo mtamwangusha njiani mkisikia ngoma."

Hakuna aliyecheka. Lakini Sikuzani alifumbua macho akatabasamu kidogo, na mama akasogea kumpisha. Mzee Mashaka akashika nyuma, upande wa kulia. Mzee Mfaume akatangulia na fimbo yake, mimi na mama tukafuata. Tulipita mashamba ya mpunga, umande ukitulowesha magoti. Mzee alitembea macho yameelekea chini, na kilichokuwa mbele ya macho yake ni pembe ya machela.

Tulipoikaribia reli, alisema, "Tueni kidogo."

Waliitua machela chini. Akachuchumaa, akalishika fundo, akaligeuza huku na huku.

"Mtani, hili umelifunga wewe?"

Hapa naomba mnielewe. Mtu akiniuliza jambo ninalolijua, mdomo hunitangulia. "Ndiyo, mzee," nikasema. "Linaitwa fundo bapa. Mtoni nzima hakuna mwingine anayelijua ila mimi."

Sikumaliza vizuri. Nilisikia maneno yangu yakinirudia mwenyewe.

Mzee Mashaka alifungua pindo la shuka. Kile kipande cha kamba kilikuwa kimekauka, lakini nusu ya fundo ilikuwa imebaki na umbo lake, kamba imejikunja ilivyofundishwa na skauti. Akakiweka juu ya machela, karibu na fundo zima. Mzee Mfaume akainama, akatazama, akanitazama. Mama alitazama kamba, kisha akatazama mikono yangu, kama ameiona leo.

"Mwinjuma?" alisema.

Mbali kidogo gari la moshi lilipiga honi.

Mzee Mashaka akasema taratibu, kama anayezungumza na mtoto mdogo aliyepanda juu ya mti. "Ulikuwa unanitania kwa ajili ya ile kofia, siyo? Sema ulikuwa utani. Ukisema ni utani, mimi mtani wako natakiwa nicheke, na likishachekwa hapana wa kulifufua. Sema."

"Ni kweli," alidakia Mzee Mfaume haraka, akitazama upande wa stesheni. "Kama ni utani, ni utani. Sema tuondoke."

Wote walikuwa wanangoja. Mzee Mashaka alikuwa ameshafungua mdomo tayari kwa kucheka, meno yake machache yako nje. Alijaribu kutanguliza kicheko ili anisaidie. Sauti haikutoka. Nilimtazama Sikuzani. Alikuwa macho, na alikuwa ananitazama mimi.

"Haukuwa utani," nikasema. "Utani hufanyiwa mtu mwenyewe akiona. Mimi nilisubiri mpaka mwende msikitini. Nikaing'oa nguzo, nikafunga mwanzi. Dada alipoumwa nilijua. Ulipohukumiwa nilikuwa pale mlangoni, nimeshika kibatari."

Mzee Mashaka akafunga mdomo. Akalikunja lile pindo tupu la shuka yake.

"Na nguzo yangu iko wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Kitanda kipi?"

Gari la moshi lilipiga honi tena, karibu zaidi, na hakuna aliyeinama kubeba machela.

"Cha Sikuzani," nikasema. "Siku zote hizi alikuwa ameilalia."