Kanuni ya Saba na Mkono wa Kushoto

Usiku wa kuamkia jana, mimi ambaye huwa sioti chochote zaidi ya redio mbovu, niliota nimeitwa kukaguliwa kwenye ghala la viazi la Uyole, ionekane kama ninafaa kushindana.

Kabla sijafika mbali niseme mimi ni nani. Naitwa Ambakisye, fundi redio wa hapa Mbeya, na ni katibu wa klabu yetu ya watu saba wanaounda roboti kwa mapenzi tu, jioni baada ya kazi. Kila Agosti tunafanya mashindano kwenye ghala hilo. Roboti inafuata mstari wa tepu nyeusi uliobandikwa sakafuni, imebeba kiazi kimoja, na inatakiwa ikifikishe mwisho bila kukichubua. Kanuni naziandika mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri na sikuwahi kupata sababu ya kukataa.

Mwaka huu nilikuwa nimeongeza Kanuni ya Saba. Mwaka jana mshindani mmoja alikuja na rimoti kaificha kwenye kiganja cha kushoto, ndani ya mfuko wa koti, akawa anaiendesha roboti yake huku anajifanya anajikuna. Basi nikaandika: "Mjenzi ataiwasha roboti yake mwenyewe kwa mkono wa kulia, bila kusaidiwa na mtu, mkono wa kushoto ukiwa juu." Wajumbe wakapiga makofi. Nikajisikia mtu wa maana wiki nzima.

Juzi ikaja fomu ya Lusajo. Lusajo ndiye niliyeanzisha naye klabu, rafiki yangu wa miaka ishirini na sita, na mwezi wa tatu alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukapooza. Fomu aliijaza kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kila moja na upande wake. Chini kabisa aliandika: Nitakuja.

Nilipoandika Kanuni ya Saba sikumfikiria hata kidogo. Huo ndio ukweli, na ndio ulioniuma. Kanuni zilikuwa ziende kuchapwa asubuhi, na mwenyekiti alishasema kanuni iliyopitishwa haifunguliwi tena kwa ajili ya mtu mmoja. Nikapanda kitandani sijui la kufanya.

Sasa, ndotoni.

Ghalani hakuna roboti hata moja. Ipo katoni ya sabuni, ile tunayopimia, maana Kanuni ya Kwanza inasema roboti iingie yote ndani ya katoni bila kitu kubaki nje. Katoni imekaa mezani, imevaa miwani.

"Ingia," inaniambia.

Naieleza kwamba mimi ni katibu, si roboti. Katoni inafungua karatasi yangu mwenyewe, inasoma bila haraka, kisha inasema haioni mahali ambapo katibu ametolewa. Ni kweli, sikuandika. Navua kofia, naingia. Naenea vizuri tu, magoti yakiwa masikioni, na humo ndani mnanukia sabuni ya mche kama nyumbani siku ya kufua.

"Kuna kitu kimebaki nje," inasema katoni.

Nachungulia. Ni mfuko wa sukari, kilo moja. Nautambua. Niliununua mwezi wa tatu, siku niliyosikia Lusajo katoka hospitali, nimpelekee kama watu wanavyomwendea mgonjwa. Siku hiyo ikanyesha mvua. Kesho yake kulikuwa na redio ya mtu ya kumaliza. Wiki ikapita, nikaona haya kwenda nimechelewa, na kadiri nilivyoona haya ndivyo nilivyozidi kuchelewa, mpaka ikatimia miezi minne. Sukari nikaanza kuichota kidogo kidogo ya chai, ikaisha.

"Hii nilishaimaliza," naiambia katoni.

Anayejibu ni mzani, ulioko pembeni. Unasema sukari imeisha lakini uzito wake bado, na kwamba mimi nina kilo sabini na moja, sabini za kwangu na moja ya Lusajo. Unaandika kwenye daftari. Hauna hasira. Ungekuwa na hasira ningejitetea.

Kisha kiazi kinarukia kiganja changu cha kulia. Ni kiazi cha kawaida, kina udongo kidogo, na kina sauti ya mama wa makamo anayeijua kazi yake. Kinasema ndicho kitakachokuwa mwamuzi wangu leo, na kinaomba kwanza nikate kucha. Nakata kwa meno, kinashukuru.

Natoka katonini, na mstari mweusi unaanzia miguuni pangu. Kanuni ya Tatu inasema anayeanza mstari hauachi wala hasimami mpaka afike mwisho. Hiyo nayo niliiandika mimi. Naanza kutembea.

Mstari unatoka ghalani, unapanda meza ya muuza kabichi, unashuka, unaingia kwa kinyozi, unazunguka kichwa cha mteja na kutoka kwa mlango wa nyuma. Nafuata kama ulivyo. Yule mteja ananiambia nipite tu bwana, hata yeye ana haraka zake.

Hapo ndipo naona watu. Kila mtu mjini ana mkono wa kushoto juu. Muuza kabichi anapanga kabichi zake kwa mkono mmoja. Kinyozi ananyoa kwa mkono mmoja, na mteja amejishikilia sikio kwa mkono wake uliobaki ili lisikatwe. Mama mmoja anashindwa kumfunga mwanawe mgongoni, anajaribu, anaanza tena. Juu ya ukuta amesimama jogoo, bawa moja juu.

Kando yangu anatembea mtu mwembamba mwenye shati lililonyooshwa vizuri. Na yeye mkono wa kushoto uko juu, kama mwanafunzi aliyeomba ruhusa ya kwenda nje akasahauliwa. Namuuliza ni nani mwenzangu.

"Mimi ni Kanuni ya Saba," anasema. "Tulionana Jumamosi ya juzi, ulipokuwa unaniandika."

Namwambia nimefurahi kumwona tena. Anaonekana kachoka sana. Tunatembea hatua kadhaa, halafu anasafisha koo na kusema ana swali dogo, kama sitajali.

"Katibu, nitaushusha lini?"

Natoa karatasi mfukoni. Nimeandika mkono uwe juu. Sikuandika popote kwamba utashuka. Naisoma mara ya pili, labda nimeruka mstari, lakini sijaruka. Kanuni ya Saba ananiambia nisisumbuke, hakuja kulalamika, isipokuwa anapata taabu kidogo kugeuka kitandani. Naona aibu hadi kiazi kinaniambia nimeanza kutokwa jasho kiganjani.

Hatua inayofuata ni sebuleni kwa Lusajo. Hakuna barabara katikati. Mstari umepita chini ya mlango, nami nimepita nao.

Atupele, mke wa Lusajo, ana sakafu nyekundu anayoipaka nta kila Jumamosi, na tangu nimjue hakuna aliyeikanyaga na viatu, hata mchungaji. Nataka kuvua. Lakini Kanuni ya Tatu hairuhusu kusimama, na viatu vyangu ni vya kamba. Naingia navyo, na tope la ghalani, na nikigeuka naona nyayo zangu zinanifuata moja moja mpaka kwenye mkeka.

Lusajo amekaa kwenye stuli mbele ya meza. Amekonda. Mezani kuna roboti nisiyowahi kuiona, mwili wake kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu yake vifuniko vya makopo ya rangi. Kitufe cha kuwashia amekifunika kwa kifungo kikubwa cha kijani chenye matundu manne, ili gumba lisiteleze. Kifungo chenyewe nakijua, ni cha koti la Atupele.

Anabonyeza kwa mkono wa kushoto.

"Samahani, mjenzi wangu," inasema roboti. "Si mkono huo."

Anabonyeza tena. Roboti inaomba samahani tena, kwa sauti ndogo zaidi.

"Imeanza hivi tangu Jumamosi ya juzi," Lusajo ananiambia bila kuinua uso. "Kabla ya hapo ilikuwa inafika mpaka jikoni."

Nasema kwamba aliyeiandika kanuni ile ni mimi.

"Najua. Mwandiko wako naujua."

Anaongea taratibu siku hizi, kila neno analitoa kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Na mimi siwezi kusimama nimsikilize, kwa sababu mstari unaizunguka meza yake, nami nazunguka nao. Basi namwambia yote huku nazunguka. Namwambia nilinunua sukari. Namwambia niliinywa mwenyewe. Namwambia niliona haya, na nimemkosea, na nilimkumbuka mpaka nikaacha kupita njia ya kwao nisije nikaiona nyumba. Nikiwa nyuma yake napaza sauti, nikiwa mbele yake napunguza.

Lusajo ananisubiri nirudi upande wa uso wake.

"Amba, sukari tunayo," anasema. "Nilikosa mtu wa kubishana naye habari za betri."

Nalia, na nazunguka. Kiazi kinaniomba nisikiloweshe, kisha kinasema basi, haidhuru.

Mzunguko wa tano mstari unakwisha. Unakwishia kwenye mkono wa kulia wa Lusajo, uliolala mezani pembeni ya roboti.

Nakiweka kiazi chini. Nauinua ule mkono kwa mikono yangu yote miwili. Ni mzito kuliko nilivyodhani, na una joto lake lile lile. Naweka gumba lake juu ya kifungo cha kijani, halafu gumba langu juu ya lake.

Kanuni ya Saba anasogea. Anaonekana hapendi kazi yake, lakini anaifanya.

"Bila kusaidiwa na mtu," anasema.

"Na hapa nani kasaidiwa?" anauliza Lusajo.

Kanuni ya Saba anainama mpaka pua inakaribia kifungo. Anaitazama mikono yetu kwa muda mrefu, upande huu na upande ule.

"Mmoja unatetemeka," anasema hatimaye. "Siwezi kusema ni upi."

Ni wa kwangu, ila sisemi.

"Basi siwezi kusimamia jambo nisilolijua," anasema Kanuni ya Saba. "Niandike upya, Katibu. Tafadhali."

Na anaushusha mkono. Anaushusha polepole, maana umekakamaa, na kwa mara ya kwanza naona kwamba ni mtu mwenye sura nzuri. Nje unasikika mji mzima ukishusha mikono, sauti laini kama ya nguo zinazoanuliwa. Yule mama anamfunga mwanawe mgongoni. Jogoo anakunja bawa.

Tunabonyeza. Kifungo kinalia kidogo. Roboti haiombi samahani, inakichukua kiazi kwa adabu, inageuka, na inaelekea jikoni. Kiazi kinatuambia kimeridhika.

Nikaamka.

Palikuwa pamekucha. Hapakuwa na katoni wala mzani, ni chumba changu tu na baridi ya Julai. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikachukua karatasi ya kanuni, nikaipiga mstari ile ya saba na kuandika: "Mjenzi ataiwasha roboti yake kwa mkono wowote, au pamoja na mkono wa rafiki. Mikono yote ionekane, na ishushwe roboti ikishaanza kutembea."

Nikampigia mwenyekiti kabla sijaogopa. Nikamsomea kanuni mpya. Akasema nimeharibu kanuni nzuri. Halafu akauliza kama Lusajo mwaka huu anatumia betri kubwa au ndogo, nikamwambia sijui, ndiyo kwanza naenda kumuuliza.

Nikapita dukani nikanunua sukari kilo mbili, moja ya mwezi wa tatu na moja ya leo.

Atupele alifungua mlango akiwa na kitambaa cha kudekia mkononi, sketi imelowa magotini. Akasema karibu shemeji, tulidhani umehama mkoa. Alikuwa amevaa koti lake la kijani. Vifungo viwili vya juu vilikuwepo, na cha chini kilikuwepo. Pale pa tatu palikuwa pamebanwa na pini.

Nikaitazama ile pini zaidi ya inavyofaa kumtazama shemeji. Akalivuta koti lake, akasema kama nina swali mwenye majibu yuko ndani, na kwamba yeye ameamka amekuta sakafu yake kama zizi na hakuna wa kumweleza.

Nilikuwa bado nimesimama pale, na sukari yangu mkononi, niliposikia sauti ya Lusajo kutoka sebuleni, neno moja moja, bila haraka.

"Mwambie leo avue viatu."

Nikampa Atupele sukari, nikainama pale mlangoni, nikaanza kufungua kamba.