Vyumba Visivyo na Jiko

Kila mwaka klabu ya likizo inapotutumia picha za bwawa la buluu na viti vya kulalia, mimi hutafuta kitu kimoja tu: jiko liko upande gani wa nyumba.

Tulijiunga na klabu hiyo binti yetu Dhruvi akiwa bado anatambaa. Walitualika kwenye hoteli moja hapa Rajkot, wakatunywesha chai, wakatuonyesha milima na fukwe mpaka kichwa kikatuzunguka, na mume wangu Nilesh akatia sahihi. Wiki moja kila mwaka, popote klabu ilipo na nyumba, mpaka tutakapozeeka. Tukirudi kwa skuta aliniambia sasa nitapumzika. Alisema kwa moyo safi, sikatai, Nilesh ni mtu mwema. Tatizo ni kwamba kwenye zile picha yeye aliona mapumziko, na mimi niliona sebule, vyumba viwili, na jiko lenye vifaa vyote.

Maana sisi ni Majain, watu wa dini isiyoua hata mdudu, na mama mkwe wangu hali chakula cha hoteli. Hali kitunguu, hali kitunguu saumu, hali kiazi wala karoti wala chochote kilichong'olewa ardhini, na jua likishazama hatii kitu kinywani mpaka kesho. Siku hizi kila hoteli inajisifu ina chakula cha Kijain. Bibi, kama tunavyomwita sote nyumbani, huwauliza swali moja: "Na upawa je? Upawa nao ni wa Kijain?" Wakisita kidogo tu, basi, mimi ndiye nakwenda kufunga aproni.

Kwa hiyo nimetembea. Nimefika Udaipur, nimefika Mahabaleshwar, nimefika Goa. Ukiniuliza Goa kukoje nitakwambia bomba la sinki linavuja na kisu hakikati. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe hukabidhiwa siku ile ile ya kwanza, kabla sijavua viatu, na aliyenipa huwa ameshavaa nguo ya kuogelea.

Mwaka huu nilichoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ni ule wa kusimama mbele ya gunia la unga ukahisi kulia, halafu hulii, unachota. Nilitaka wiki moja tu ambayo hakuna mtu atakayeniuliza leo tunakula nini. Sikutaka bahari wala mlima. Nilitaka hilo.

Nafasi za likizo ya Diwali klabu huzifungua Jumapili moja, alasiri, na Gujarat nzima husafiri Diwali, kwa hiyo ukipepesa macho umebaki na chumba kinachotazama jenereta. Tukakaa wote mezani, kompyuta katikati. Nilesh alikuwa ameshika kipanya kama dereva wa basi. Bibi alikaa karibu na dirisha na tasbihi yake. Dhruvi, miaka kumi na sita, alikuwa na simu mkononi. Mdogo wake Moksh hata hakukaa.

"Goa," alisema.

"Goa tulikwenda," Nilesh alimjibu.

"Nilikuwa mdogo, Baba. Sikuona kitu."

"Ulikunywa nusu ya bahari, hukuona kitu?" Dhruvi alimwambia bila kuinua macho. "Twende Manali. Kila mtu darasani kwetu ameshapiga picha kwenye theluji, nimebaki mimi tu kama yatima."

"Wewe hata ukipelekwa mwezini utakaa chumbani na simu."

"Mwezini mtandao ni mzuri kuliko hapa."

"Abu," alisema Bibi. "Nipelekeni Abu nikaone mahekalu ya Delwara kabla sijafa."

"Bibi, si kila mwaka unasema kabla hujafa!"

"Na kila mwaka hamnipeleki. Sasa nitakufaje?"

Nilesh alikohoa. Yeye alikuwa na mahali pake, na tulijua sote kwa nini: pointi tunazolipia vyumba vya klabu zilikuwa chache. "Kumbhalgarh," alisema. "Pazuri sana. Pametulia."

"Kuna nini huko, Baba?"

"Kuna ngome."

"Na nini kingine?"

Nilesh alifikiri. "Ukuta wa ngome."

Watoto walicheka mpaka Moksh akaegemea friji. Mimi nami nilicheka. Hakuna aliyeniuliza ninapotaka mimi, na sikukasirika, maana hawajawahi kuniuliza na mimi sijawahi kusema. Walinizoea kama wanavyolizoea feni. Feni haliulizwi linataka kwenda wapi.

"Bibi ana haki," nilisema. "Twende Abu."

Wote wakanigeukia. Nikawaeleza polepole, maana nilikuwa nimejiandaa wiki nzima nikikatakata bamia. Klabu ina hoteli mpya huko Abu. Kuna bwawa, na kuna kile kitu cha kuteleza kwenye kamba kutoka mti hadi mti, kwa hiyo Moksh asinisumbue. Mtandao unafika hadi vyumbani. Kuna milima, si ya theluji, lakini pichani ni nani atauliza. Mahekalu yako karibu. Pointi zetu, chache hivyo hivyo, zinatosha kuchukua vyumba vya familia nzima, mlango kwa mlango.

Kila mmoja akatafuta kasoro akaikosa. Dhruvi aliziangalia picha akasema si mbaya, na kwa Dhruvi hiyo ni sifa kubwa kama medali. Bibi aligusisha tasbihi machoni kwa shukrani. Nyumba hii haijawahi kukubaliana hata juu ya feni liende kasi gani, na sasa ilikuwa imekubaliana juu ya Abu. Nilesh alikuwa ameshainua kidole abonyeze.

Kisha akakishusha.

"Mama Dhruvi, umekosea kidogo. Hivi ni vyumba vya hoteli. Havina jiko."

"Najua."

"Ngoja nitafute vyenye jiko."

"Sikukosea," nilisema. "Ndivyo ninavyovitaka."

Nilesh akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akamtazama tena mama yake. "Sasa Mama atakula nini?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimepiga simu Abu mwenyewe nikazungumza na mpishi, Mmarwari wa kule kule, aliyeniambia ana jiko la Kijain la peke yake. Nilikuwa nafungua kinywa. Lakini Moksh, mtoto wangu mwenye akili nyingi, alinitangulia.

"Jiko la umeme!" alipiga kelele. "Lile bapa! Mama yake Harshil alikwenda nalo mpaka Dubai. Unalitia tu kwenye sanduku, chini ya nguo."

Uso wa Nilesh ukanawiri. "Eh! Kweli kabisa! Na ile sufuria ndogo ya presha."

"Ifungeni na taulo isigongane," Dhruvi alisema.

"Unga tutoke nao hapa," alisema Bibi. "Unga wa kule siujui. Na samli yetu."

"Na kibao cha chapati kinaingia kwenye begi langu la mgongoni," Moksh alisema. "Mama, utapikia kibarazani! Hata moshi hautakusumbua!"

"Na utakuwa unaona milima," Nilesh akaniambia, akanishika bega kwa mapenzi ya kweli. "Unapika huku unaona milima. Si mabadiliko hayo?"

Nimeishi na watu hawa na nawapenda, kwa hiyo naomba uniamini: hakuna hata mmoja aliyekuwa na ubaya. Walikuwa na furaha. Walikuwa wananisaidia. Ningewaona wabaya ningepata nguvu, ningegombana, ningelala vizuri. Mtu anayekutwika mzigo huku anakupangusa jasho utamfanya nini?

Walikuwa wamefika kwenye viungo, kama tubebe manjano au tununue njiani.

"Sipiki," nilisema.

"Leo?" aliuliza Nilesh.

"Abu. Sipiki Abu. Mkibeba jiko mbebe na mpishi, mimi nitabaki hapa."

Moksh alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

"Mama Dhruvi," alisema Nilesh kwa sauti ya kubembeleza wateja, maana ana duka la vigae. "Ni chapati chache tu na mchuzi wa dengu. Kazi ya dakika."

"Basi upike wewe."

"Mimi?" Ungedhani nimemwambia azae.

Bibi alikuwa anatazama nje. Nyumba ya mbele yetu ina tangi la maji juu ya paa, na jua lilikuwa limeshaligusa. "Jua linakwenda," alisema. Hakusema kwa hasira, alisema tu kama mtu anayekukumbusha mvua. "Na chakula hakijatengwa."

Ilikuwa kweli. Saa kama hiyo siku zote mimi huwa jikoni, dengu iko mezani, chapati inavimba. Siku hiyo jiko lilikuwa kimya. Miguu yangu ilianza kuinuka yenyewe, nakwambia, bila kuniuliza, na ilinibidi nishike ukingo wa meza.

Nikabaki nimekaa. Nilidhani watanigombeza. Hakuna aliyenigombeza. Bibi aligeuza kichwa, Nilesh akageuza kichwa, na Moksh, hata Moksh, akageuza kichwa. Wote wakamtazama Dhruvi.

"Haya mjukuu wangu," Bibi alimwambia. "Mama yako amechoka. Wewe umeshakuwa mkubwa. Kasukume hizo chapati mbili tatu."

Na Dhruvi akaiweka simu chini. Huyu msichana ukimwambia afunge mlango atakuuliza kwa nini, na kwa nini si Moksh, na mlango umemkosea nini. Siku hiyo hakuuliza. Alisukuma kiti nyuma, akasimama, akazikusanya nywele zake nyuma ya shingo akazifunga fundo, vile vile ninavyofunga mimi. Nilikuwa nimedhani nimetua mzigo. Kumbe nilikuwa nimemtwika yeye.

"Kaa, Dhruvi."

"Mama, ni dakika mbili tu."

"Nimesema kaa."

Alikaa. Bibi alinigeukia. Tangu niolewe nimekuwa nikiyasubiri maneno makali kutoka kwake, na nikajua sasa ndiyo yanakuja.

"Mimi nilipewa jiko nikiwa mdogo kuliko huyu," alisema. "Nyumba ya mashemeji na wake zao na watoto wao."

"Najua, Mama."

"Hakuna aliyeniambia kaa."

Hakulalamika. Alilisema kama anavyonitajia bei ya bamia, kisha akarudi kulitazama tangi. Sikujua kama amenilaumu au amenipa kitu. Nilimhurumia. Nilimhurumia kiasi cha kutaka kwenda mbio jikoni nimpikie khichdi, ule wali wa dengu, yenye samli nyingi kama anavyoipenda. Lakini kama ningeinuka, Dhruvi angeinuka nyuma yangu, kama si leo basi siku nyingine, kwenye nyumba ya wakwe zake nisiowajua. Sikuinuka.

Aliyeinuka ni Nilesh. Aliingia jikoni, tukasikia kabati zinafunguliwa na kufungwa, moja baada ya nyingine.

"Mama Dhruvi! Kiberiti cha gesi kiko wapi?"

Moksh alipasuka kwa kicheko. "Hata mimi nakijua, Baba! Kiko kwenye kikombe kando ya chumvi!"

"Kama unakijua, kamwashie," nilimwambia.

Kicheko kikamkauka. Alikwenda. Baada ya hapo tulisikia kitu kimeanguka, tukasikia wawili hao wakilaumiana kwa kunong'ona, kisha harufu ya maziwa yaliyofurika ikajaa nyumba. Walitoka na bilauri moja ya maziwa na sahani ya khakhra, zile chapati kavu za kopo, zimepangwa duara kana kwamba kuna harusi. Jua lilikuwa limebaki ukucha tu juu ya tangi. Bibi alivunja khakhra, akala, akanywa, na Nilesh alisimama mbele yake kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Yameungua," Bibi alisema.

"Ndiyo, Mama."

Aliyanywa yote. Alijifuta mdomo kwa upindo wa sari, na nje kukaingia giza. Hakumsemesha mwanawe tena. Alinigeukia mimi.

"Hao wa Abu," alisema. "Waulize kama wataniletea chakula kabla jua halijazama. Wakisema hawawezi, nitakula matunda. Wiki moja haiui mtu."

"Nitawauliza, Mama. Jiko la Kijain la peke yake wanalo, nimeshazungumza na mpishi."

Niliivuta kompyuta. Vyumba vilikuwa bado vipo, sijui kwa bahati ya nani, na nikabonyeza kabla mtu hajapata wazo jingine. Dhruvi alikuwa bado amekaa pale pale nilipomwambia akae, mikono mapajani, hajui aifanyie nini. Kisha akalifungua lile fundo la nywele na kuziachia, akachukua simu yake, akaanza kugombana na Moksh juu ya nani atalala kitanda cha dirishani.