Mapigo ya Moyo na Uyoga wa Kichuguu

Tangu mapigano ya Desemba yatikise Lubumbashi, Mama Kunda, mshonaji wa mtaa wa Kamalondo, alikuwa analala chini ya kitanda. Juu alilala mumewe Anaclet peke yake, kama mjane. Kifuniko cha sufuria kikianguka kwa jirani, Kunda alikuwa tayari kifudifudi, sindano mdomoni.

Ndipo Godefroid, muuguzi wa zahanati, alipoleta dawa yake mpya: kila Jumamosi akina mama wenye hofu wapelekwe porini, nje ya Katuba, watembee polepole na kutazama miti. Kuchuma kitu, marufuku. Kuchuma ni kazi, alisema, na kazi haitulizi moyo. Kabla ya matembezi na baada yake aliwashika mkono, akahesabu mapigo kwa saa yake. Yakishuka, matembezi yangeendelea. Yasiposhuka, wakubwa wake wangeyafuta, na akina mama warudi kwenye vidonge.

Na Kunda alikwisha kuanza kulala juu ya kitanda! Anaclet alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakasikia. Matembezi hayo Kunda aliyataka kwa kufa na kupona.

Lakini mapigo yalizidi kupanda. Yasipande kwa nini? Ilikuwa Januari, mvua zimekolea, pori limejaa uyoga. Kumpeleka mama wa Kamalondo huko na kumkataza kuchuma ni kumweka fisi buchani na kumwambia anuse tu. Godefroid akiinua uso kuwaonyesha ndege, nyuma yake akina mama walikuwa mbio, kichuguu hadi kichuguu, wakificha uyoga ndani ya vitambaa vya kichwa. Walirudi wakihema.

"Mais hii pori inabagonjesha bantu!" alilalamika Godefroid, akiachia mkono wa mwisho aliouhesabu mapigo. "Samedi yenye inakuya, roho zikipika mbio tena, tunafunga."

Jumamosi hiyo wakaapiana: leo hakuna kugusa. Wakatembea kama walio kwenye maandamano nyuma ya Sakramenti. Kisha, njia ilipokata kona, wakauona: uyoga mmoja, mpana kama sinia, juu ya kichuguu. Kunda akafumba macho, akasali Salamu Maria. Alipoyafumbua, jirani yake Delphine alikwisha kuupigia magoti.

"Delphine, acha!"

"Niko naangalia tu, yaya, dada yangu."

"Unaangalia na mikono?" Na mkono wa Kunda mwenyewe ulikuwa umeshika shina.

Hapo hapo, paa! Bunduki, tena karibu kabisa.

"Shika muzuri," alisema Delphine, "itavunjika."

Waliung'oa mzima. Ndipo Kunda alipotambua kwamba amesimama. Bunduki imelia, naye amesimama kwa miguu yake miwili! Furaha ilimjaa hata machozi yakamlenga. Akageuka amwambie muuguzi.

Godefroid alikuwa kifudifudi matopeni, mikono kichwani, saa imezama kwenye dimbwi.

Kunda akachuchumaa, akamshika mkono, akahesabu mapigo kama alivyozoea kuhesabiwa yeye.

"Docteur," alisema kwa upole, "roho yako inapika mbio sana."

"Ninajua, mama."

"Samedi utarudia na siye. Na utachuma. Kuangalia tu, ile haiponyeshe muntu."

Godefroid, angali chini, akauliza kama aje na kisu.