Mtoto wa Gari

Pini yenyewe ilikuwa ya shaba, nene kama kidole changu cha mwisho, imekatika katikati kama kipande cha muwa. Lusekelo aliniwekea kiganjani vipande vyake viwili, bado vina joto, na mimi nikacheka. Ningejua ninachokicheka ningefunga mdomo, lakini mdomo wa mzee nani wa kuufunga.

Ngoja niende pole pole, maana nikikimbia naruka mambo.

Gari lile lilikuwa la macho. Lori refu jeupe, lilitokea Mbeya likipita vijijini kutibu watu, likaingia kwetu Igowole Alhamisi asubuhi na kuegeshwa uwanja wa soko. Ndani lina chumba cha kupasulia. Sasa barabarani lori haliwezi kwenda na upana wa nyumba, kwa hiyo ubavu wake mmoja wameutengeneza utoke na kurudi, kama unavyovuta mtoto wa meza. Unabonyeza kitufe, mota inanguruma, ukuta mzima unasogea nje pamoja na sakafu yake na dirisha lake. Hapo kitanda kinapata nafasi na daktari anapata pa kusimama. Sisi tukakiita hicho chumba mtoto wa gari.

Tulicheka sana pale foleni, kwa sababu ugonjwa uliotuleta nao unaitwa mtoto wa jicho. Clement, jirani yangu, mtu wa maneno tangu ujana, akasema, "Leo siku ya wakunga. Mtoto wa gari atoke kwanza, ndipo hawa wa machoni watoke."

Mke wangu Verediana alicheka kuliko wote. Alikaa kwenye benchi na kipande cha plasta juu ya jicho la kulia, alama waliyowekewa wa kupasuliwa. Walikuwa watu ishirini na nne, kumi na wawili siku hiyo na kumi na wawili Ijumaa.

Miaka miwili nilikuwa namzuia. Kila gari la macho lilipotangazwa kanisani nilimwambia asubiri, kisu ndani ya jicho si mchezo. Kumbe aliyeogopa ni mimi, yeye hakuwa na hofu hata kidogo. Katika miaka hiyo jicho la kulia likazimika kabisa, la kushoto likabaki linaona kama mtu anayechungulia kupitia maziwa. Akawa anamimina chai pembeni ya kikombe. Siku moja, misa imekwisha, watu wanapeana mikono, akaipa mkono nguzo. Tulicheka, na yeye akacheka. Lakini kilichomfanya aseme basi, sasa napasuliwa, ni maharage. Aliyachambua yeye, mkwe wetu akatafuna jiwe na akanyamaza. "Angelalamika ningevumilia," aliniambia. "Kunyamaza kwake ndiko kumeniuma."

Basi Alhamisi hiyo mtoto wa gari alitoka shubiri moja akakwama.

Lusekelo ndiye alikuwa dereva na ndiye fundi wa lile lori. Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, ana adabu kama aliyelelewa na bibi. Watu walishamwambia kwamba mimi nimetengeneza matrekta ya mashamba ya chai miaka mingi, akanifuata.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kimekufa nini?"

"Betri nzima, fyuzi nzima. Mota nimeichora chaki, naiona inazunguka. Ila shafti ya kusukuma chumba haiendi. Nikajua ni pini inayoviunganisha." Ndipo akanipa vile vipande. "Za akiba ziliniishia Chimala. Nimeshapiga simu Mbeya, zimepakiwa kwenye basi. Saa saba zitakuwa hapa."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

Nikamwambia shaba ni ya hereni, nani anafunga lori kwa hereni. Clement akadakia, "Ambrosi, tangu lini umetoka kwenye baiskeli ukaingia magari ya madaktari?" Watu wakacheka. Kicheko kile kilinisukuma kuliko mkono. Nikaenda nyumbani kwa hatua za kijana, nikarudi na nyundo yangu na bolti ya springi ya trekta. Chuma chenyewe, ukikigonga kinaita.

Lusekelo alikiangalia, akakigeuza. "Labda tusubiri, babu," akasema. "Labda ilikatika kwa sababu."

Kwetu mtu aliyelelewa vizuri hamwambii mzee hapana. Hana hilo neno. Ana labda tu, analiweka chini mbele yako kama anavyokuwekea kigoda, ni juu yako kuliona. Mimi nililiona, nikaliruka.

"Ilikatika kwa sababu ni laini. Nimulikie hapo."

Akanimulikia. Nikaigonga ile bolti mpaka ikakaa, nikatoka chini ya lori nimejaa vumbi na sifa. Akabonyeza kitufe. Mtoto akasogea vidole viwili, mota ikalia sauti ya kubanwa, halafu kikapasuka kitu kama mfupa wa paja la ng'ombe unapopigwa shoka. Kisha kimya. Meno matatu ya gia yalikuwa chini kwenye nyasi, na kifuniko cha gia kina ufa ambao ungepitisha shilingi.

Daktari Gerson alishuka ngazi na koti lake la kijani, ameshanawa mikono, ameinyoosha mbele asiguse kitu.

"Nani kaweka bolti hapa?"

Nilikuwa bado nimeinama, nyundo mkononi.

"Mimi, daktari," akasema Lusekelo. Hakunitazama hata mara moja.

"Wewe? Pini imewekwa laini makusudi. Kitu kikikwama ikatike yenyewe, mashine ipone. Haya si umefundishwa?"

"Nimekosa, daktari."

"Tukifika Iringa utakabidhi funguo."

Nikasema moyoni, daktari akimaliza kusema nitasema. Akamaliza. Nikasema, watu wakipungua. Wakapungua. Neno ukililaza mdomoni usiku mmoja linaota mizizi, na langu halikungoja hata usiku. Hapo benchini Verediana aliuliza, "Nini hicho kimelia?" Nikamjibu, "Chuma." Akauliza, "Chuma cha nani?" Nikajifanya naitwa.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kubomoa. Lusekelo aliifungua mota na gia akaviweka pembeni, shafti ikawa huru. Akalala chali, akapitisha kidole kwenye reli yenye meno, taratibu kama mama anayetafuta jino la kwanza kwenye ufizi wa mtoto. Akatoa kijiwe. Kidogo, sawa na punje ya hindi. Ndicho kilichobana, na ndicho ile pini ilichokuwa inatuambia. Nilikuwa na miaka mingi ya ufundi na sikuwahi kuuliza kilichoivunja.

Saa saba kamili basi likapiga honi barabarani. Kondakta akashuka na bahasha, ndani pini sita, zinang'aa. Lusekelo alisaini, akazitia mfukoni mwa shati, akarudi kazini.

Tukafunga kamba. Wanaume kumi na wawili, sita kila upande, na mimi nikawekwa katikati kuhesabu. Chumba cha namna ile hakivutwi ovyo. Upande mmoja ukitangulia kinapinda na kujibana, kama ng'ombe wa jembe anayemwacha mwenzake. Tukakata nyuzi mbili sawasawa, tukazifunga mafundo kila shubiri, moja kulia, moja kushoto. Fundo kwa fundo. Nikisema vuta, wanavuta. Nikisema tulia, wanatulia na Lusekelo anachomeka kabari. Ilipofika saa kumi na moja mtoto alikuwa nje mzima, ameegemezwa kwa magogo ya msindano, na sakafu haina mteremko. Watu wakanishika mkono. Hodari mzee. Daktari mwenyewe akaniambia asante. Sijawahi kula pilipili iliyonichoma kama asante ile.

Lakini siku ilishakwenda. Nesi Gloria akasimama na karatasi. "Mama zangu, baba zangu, kesho tutawapasua kumi na wawili tu. Tunaanza na wasioona macho yote mawili. Jumamosi tunaingia Mlandege, huko orodha imejaa. Mliobaki tutarudi mvua zikiisha, Mungu akipenda."

Akasoma majina. Verediana alisikiliza mpaka la kumi na mbili, kisha akapandisha mkono akabandua plasta, akaikunja ndogo ndogo.

Tulifika nyumbani. Alipokaa nikasema, "Mama Obeid, ile bolti."

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Nyundo. Naisikia miaka arobaini na tatu. Unagonga mbili, unapumua, unagonga moja. Yule kijana hagongi hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa namsubiri mwenye nyundo."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa sijamwomba tangu tuoane, hata hilo la miaka miwili ya kumzuia nikaliweka humo humo. Alinisikiliza, akavuta khanga begani.

"Jicho ni langu, nimekusamehe," akasema. "Ulilomtendea yule kijana si langu. Hilo siwezi kukusamehe mimi."

Ijumaa nilikwenda sokoni. Nilikuta daktari yuko ndani na wagonjwa, nikasema nisimsumbue, mkono wake usije ukatetemeka juu ya jicho la mtu. Sababu nzuri ile. Nilikaa nayo kutwa, jioni nikarudi nayo. Jumamosi nikaamka mapema, nikakuta uwanja mtupu, mtoto wameshamsukuma ndani wakaondoka, alama za matairi tu na yale magogo ya msindano.

Lusekelo alikuwa ameniandikia namba yake Alhamisi, akisema siku nikikwama nimpigie, fundi na fundi. Mimi kusoma nimesoma darasa la pili, namba nazijua mojamoja. Nikaketi kwenye ngazi ya mlango, nikabonyeza. Verediana akatoka akakaa karibu.

"Shikamoo babu," kijana akapokea, kwa furaha kabisa. "Tuko Mafinga, tunajaza mafuta. Bibi hajambo?"

"Hajambo. Daktari yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Nilisikia malori yanapita, na mtu anayeuza karanga.

"Babu, hayo yameshapita. Mimi kijana, kazi nitapata."

"Mpe simu, mwanangu."

Nikasikia hatua zake, anatembea na simu. Verediana alikuwa amenielekezea uso, si pale nilipokaa hasa, pembeni kidogo, ananitafuta. Nikasogea mpaka nikawa mbele ya uso wake.

"Haloo," daktari akasema, sauti imechoka. "Nani mwenzangu?"

Nikataja jina langu, na la baba yangu, na la kijiji, kama tunavyotajwa ofisini.