Mgeni wa Alhamisi

Mwanangu Sarang alirudi nyumbani Alhamisi moja baada ya adhuhuri, akakaa juu ya sanduku la bati lenye vyombo vya harusi vya dada yake, nywele zimelowa. Tulikuwa tumemzika mwaka wa mafuriko makubwa, baada ya mfereji kumchukua na kumwacha kwenye malango ya maji huko chini. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtambua, kwa kovu la kidevuni. Kwa hiyo mtu asinifundishe habari za kifo.

Sikupiga kelele. Katika mtaa wetu wa Shikarpur kila mtu anajua kwamba roho za wafu hurudi Alhamisi kutazama kama bado zinakumbukwa. Ndiyo maana siku hiyo tunapika wali mtamu, tunausomea Fatiha, tunampelekea jirani sahani. Wafu wa watu wengine huja wasionekane. Wangu alionekana, na mimi nikaona nimependelewa.

Naitwa Sabhai. Nimetengeneza achari tangu nilipoolewa, na mikono yangu imepita kwenye chumvi nyingi kuliko wapishi wa sultani. Sasa chumvi ndiyo nimekatazwa. Ini langu limekwisha. Sindano ya nani iliniambukiza homa ya ini, na lini, Mungu ndiye anayejua. Siku zile sindano moja ilizunguka mtaa mzima kama sahani ya tende. Macho yangu yana rangi ya manjano ninayosaga. Tumbo limejaa maji, mikono imekonda hadi bangili zinanidondoka. Nawashwa mwili mzima, kwenye nyayo zaidi, mpaka najikuna kwa gunzi la hindi. Mchana nalala, usiku nakodoa macho. Masi Bhagul, jirani yangu, alinitazama akasema, "Sabhai, tumbo hilo ungekuwa kijana tungekushonea nepi." Nikamwambia ashone tu, nitazivaa mwenyewe.

Tiba ni moja, kupewa kipande cha ini la mtu mwingine. Sheria inataka mtu wa damu, na damu yangu iliyobaki duniani ni binti yangu Rabel. Alikubali kabla daktari hajamaliza kueleza. Lakini walipompima wakakuta ini lake lina mafuta, maana Rabel alikuwa msichana wa samli na halua, mnene, mwenye kucheka. Daktari Kalhoro akamwambia apungue kwanza, halafu ndipo watapanga siku. Basi tukawa tunangoja mwili wake ukonde kabla wangu haujazama. Mama bila chumvi, binti bila samli. Jioni alikuwa akizunguka juu ya paa, huku na huku, na mimi chini namsikiliza nyayo.

Mama wa mchumba wake alikuja kulalamika. "Sisi tulimposa msichana mzima, si aliyepasuliwa."

"Basi mlete na mwanao apimwe," nikamwambia, "tujue kama naye ni mzima."

Rabel alicheka hadi akakaa chini. Yule mama akaondoka bila kunywa chai, lakini posa hakuivunja.

Daktari alinipa pia sharubati nene, tamu mno. Alieleza kwamba ini likishindwa kazi, sumu ya chakula hupanda kichwani, na sharubati hiyo huisukuma nje kwa njia ya choo. Na kweli ilisukuma. Nilishinda chooni kama mlinzi kwenye lindo. Ila kichwa kilikaa sawa, na Rabel alikuwa akikipima kila asubuhi. Maana mimi sijui kusoma, na tarehe zote kwangu ni mamoja. Kwa hiyo alinitaka ninyooshe mikono mbele, viganja vikitazama ukuta, aone kama vinapigapiga kama mbawa za kuku. Halafu aliniuliza viungo vya achari ya embe kwa mpangilio wa kuvitia.

"Uwatu," nasema. "Habasoda. Haradali iliyovunjwa. Shamari. Manjano. Pilipili kavu."

"Na mwisho?"

"Mwisho kile ambacho sipewi."

Hapo anajua mama yake yupo.

Sasa, Alhamisi ile ya kwanza sharubati ilikuwa imetuishia. Barabara zilifungwa kwa maandamano, maduka ya dawa hayakufunguliwa siku mbili, na siku ya pili ndipo Sarang akaja. Dawa ilipopatikana nikanywa, na yeye hakuonekana tena. Mimi si mjinga. Mtu anayejua achari itaharibika kwa kuinusa tu hashindwi kujumlisha jambo dogo kama hilo. Dawa ilikuwa inamfungia mwanangu mlango.

Alhamisi iliyofuata Rabel aliniletea kikombe cha asubuhi. Nikamwambia akiweke, nitakunywa. Alipotoka nikakimimina kwenye gudulia tupu la achari nyuma ya kitanda changu cha kamba, nikalifunika. Cha mchana nacho hivyo hivyo. Niliona ni heshima tu kwa mgeni. Siku moja kwa wiki, kuna ubaya gani?

Alikuja. Alikaa pale pale juu ya sanduku, shati lile la bluu limemganda kifuani. Maji yalimchuruzika kutoka kwenye nywele hadi kwenye kovu la kidevu, lakini sakafuni hapakuwa na tone. Nilimhadithia habari za duka letu la achari, bei ya maembe, nani ameoa. Hakuwa na maneno mengi.

"Mama, kuna maji?" aliniuliza.

"Umelowa hivyo na bado una kiu?"

"Kiu kali."

Nilimnyooshea bilauri yangu. Hakuipokea. Akanitazama tumbo, akasema, "Wewe unayo mengi." Kisha akauliza, "Unakuja lini?"

Niliyasikia maneno hayo kama mama anavyoyasikia. Alipokuwa mdogo aliniuliza hivyo hivyo nikienda sokoni, ameshika pindo la shali yangu. Nikamwambia, "Karibuni, baba."

Wiki zikaenda. Alhamisi moja haikunitosha, nikaanza kumimina tangu Jumatano ili aje mapema, halafu tangu Jumanne. Asubuhi viungo vilianza kunipotea. Rabel akauliza, nikasema uwatu, halafu uwatu tena. Akaniambia nimechoka. Mikono ilipopigapiga nilimwambia ni baridi, na ilikuwa mwezi ambao mbwa wanalala ndani ya mitaro kutafuta ubaridi. Alikuwa na mengi ya kufikiri, njaa yake ikiwa mojawapo, akaniamini.

Siku niliyopotea naikumbuka vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo linalonitesa. Sarang alikuwa kwenye sanduku. Akaingia msichana mwembamba, mifupa ya mashavu imetokeza, amebeba sahani ya mung'unya wa kuchemsha. Sikumjua. Akaniita Mama. Nikaona huyu amekuja kumfukuza mwanangu, anataka kukaa mahali pake.

"Binti," nikamwambia, "umekosea mlango. Hapa si kwenu."

"Mama, ni mimi. Rabel."

"Rabel gani? Nyumba hii ina mtoto mmoja tu, na huyo hapo amekaa."

Akageuka akatazama sanduku. Kisha akaiweka sahani sakafuni polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Baada ya hapo hakuna kitu, mpaka dari ya hospitali.

Walinisafisha kwa mpira, kwa njia ambazo mwanamke wa umri wangu hasimulii. Nilipopata fahamu Daktari Kalhoro alikuwa miguuni pangu.

"Mama Sabhai, binti yako amefikia uzito," alisema. "Ini lake sasa ni safi. Nimewapangia Jumamosi ya wiki ijayo. Lakini ukija na kichwa kama hiki sikugusi. Nitampa mwingine nafasi, na sijui kama utaifikia nyingine. Unakunywa dawa?"

"Nakunywa," nikasema.

Rabel alikuwa kando ya kitanda. Nilimtazama yule mwembamba, ndipo nikaelewa ni nani na mafuta yake yamekwenda wapi.

Tulirudi nyumbani. Nilikunywa dawa yote kwa siku tatu nzima, nikawa mzima wa kichwa na mpweke kupita kiasi. Usinihukumu upesi. Kama una mtoto ambaye ungeweza kumwona kwa kuacha kunywa kikombe cha sharubati, niambie ungefanya nini. Jumatano nikarudia. Nikajiambia hii ni ya mwisho, namuaga tu, maana kabla ya kupasuliwa mtu huaga.

Alhamisi, mara tu baada ya adhuhuri, Rabel aliingia kufagia. Akasimama ghafla na ufagio wake. Kutoka mlangoni hadi nyuma ya kitanda changu palikuwa na mstari mweusi wa sisimizi, wanapanda kwenye gudulia na kushuka. Nyumba nyingine wangefuta tu. Lakini Rabel amekulia kwenye achari. Anajua sisimizi hawapandi gudulia la achari hata siku moja, chumvi na mafuta ya haradali vinawafukuza. Gudulia lenye sisimizi lina sukari.

Alilitoa akalifunua. Akalinusa. Akachovya kidole akalamba, yeye ambaye alikuwa hajaonja kitu kitamu kwa miezi mingi.

"Tangu lini?" akauliza.

Nilivuta shuka hadi kidevuni.

"Mama, mimi nakula mung'unya. Naota halua usingizini, naamka nimetafuna shuka. Nakwenda kulala pale nipasuliwe kutoka hapa hadi hapa. Na wewe unalisha sisimizi?"

"Anakuja," nikasema. "Nisipokunywa, anakuja."

Nilidhani atapiga kelele. Aliketi sakafuni, gudulia mapajani.

"Kaka?"

"Yeye."

Akauliza kwa sauti ndogo, "Amevaa nini?"

"Shati la bluu."

"Lile nililomtobolea kwa pasi?"

"Lile lile."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono ule ule wenye sharubati. "Huwa ananiulizia?"

Hilo swali sikuwa nimejiuliza. Sarang ndiye aliyembeba Rabel mgongoni mtaa mzima. Sarang akitoka dukani, kabla hajavua viatu alikuwa anauliza Rabel yuko wapi, amekula, nani amemliza. Na huyu wa juu ya sanduku, Alhamisi zote hizo, hakuwahi kumtaja hata mara moja. Alikalia vyombo vya harusi yake asitake kujua anaolewa na nani. Alichotaka kujua ni kimoja tu, mimi nakuja lini. Nikaogopa kitu ambacho nilikuwa nakipenda.

"Hapana," nikamwambia Rabel. "Haulizi."

Aliinama kidogo. "Siku ile uliniambia nyumba hii ina mtoto mmoja."

"Najua nilichosema."

"Mimi nitalipeleka ini langu hata kama ni kweli. Lakini niambie mapema, nijue nampa nani."

Akainuka, akaenda kwenye rafu, akarudi na chupa na kikombe. Akamimina hadi juu. Alipokuwa anamimina, hewa ya chumba ikapoa na kunuka matope ya mfereji. Sikuhitaji kugeuka, lakini niligeuka. Alikuwa pale. Nywele zimelowa, kovu kidevuni, magoti pamoja kama alivyokuwa anakaa darasani. Hakuwa jini wala kivuli. Alikuwa mwanangu, kila ukucha wake, na moyo wangu ulimwendea mbio kuliko mara zote, hata baada ya kuogopa. Huo ndio ubaya wake. Kumwogopa hakukunipunguzia mapenzi.

"Mama," akasema, "unakuja lini?"

Rabel aliona macho yangu yalikokwenda. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, tone likamwangukia mguuni.

"Yupo?" akauliza. "Yupo sasa hivi?"

Mmoja alikuwa na kiu, mwingine alikuwa na njaa, na wote wawili niliwanyonyesha kwa ziwa hili. Nilimtazama Sarang, nikahakikisha ananitazama, maana sikutaka kufanya jambo hilo kwa kumvizia.

"Hayupo," nikasema.

Alinisikia. Naapa alinisikia, kwa sababu uso wake ulibadilika, ukawa wa mtoto aliyeachwa sokoni. Nikanywa kikombe chote. Nikamwomba Rabel kingine, nikanywa na hicho. Ilikuwa tamu hadi kichefuchefu. Sarang hakuondoka mara moja, nilijua hataondoka mara moja. Angepungua taratibu mpaka jioni, na mimi ningebaki kutazama.

Mara ya kwanza nilipomzika, wanawake wa mtaa mzima walinishika mabega. Hii ya pili niko peke yangu, mikono imenyooshwa mbele, viganja vinatazama ukuta, na dada yake anasubiri nimtajie viungo.

Nikaanza na uwatu.