Chupa ya Cveta

Pilipili nyekundu zilikuwa zikichomwa uani, kama kila mwisho wa kiangazi, maneno yalipoanza kumdondoka Cveta. Bibi yake, Stojanka, alikuta mawili juu ya mto wa mtoto: punje mbili za kijivu, nzito kuliko ukubwa wake. Alipozisogeza sikioni, moja ilisema "saba", nyingine "kengele". Akazitia mfukoni, akarudi kumenya pilipili.

Mtaa mzima ulizijua punje hizo. Pilipili za mji ule zilikuwa nyekundu kuliko za kwingine kwa kuwa zililimwa chini ya bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi. Kila nyumba ilizisaga kuwa ajvar, rojo la kupaka mkate majira ya baridi, na mtoto ndiye aliyelishwa kwanza, maana ndiye anayekua. Muuguzi wa zahanati alikwisha kuwaambia kwamba vumbi la moshi ule linakula ubongo, waache kulima pale. Walimshukuru, wakampa ajvar chupa mbili.

Stojanka alimngoja mwanawe, Vlade, atoke zamu.

"Mpeleke mtoto milimani kwa dada yako, kabla hajaishiwa maneno."

"Na nyumba hii ya kiwanda, mama? Nikihamisha familia wanaichukua. Tutakula moshi?"

"Kwani sasa tunakula nini, mwanangu?"

Vlade alicheka, akapaka mkate ajvar, akampa Cveta kipande cha kwanza.

Stojanka alilia kidogo, kisha akachemsha chupa. Akiba haiozi. Aliijaza punje alizookota kila asubuhi, akakaza kifuniko, akaiweka rafuni kando ya ajvar.

Siku ya kufungua shule, akina mama na mabibi walifika na chupa zao. Mwalimu alizipanga juu ya madawati, akaita majina. Chupa ziliitika moja moja. Ya Cveta ilihesabu mpaka ishirini bila kukosea, ikapewa tano, alama ya juu kabisa. Watoto wenyewe walikaa kimya, mikono mezani. Joto lilikuwa kali, mwalimu akafungua madirisha ya upande wa kiwandani.

Wakati wa kurudi, Cveta aliiegemeza chupa sikioni.

"Bibi, nani anaongea humu?"

"Ni wewe, kipenzi changu."

Cveta alisikiliza tena.

"Ana akili huyu," alisema.

Nyumbani, Vlade alikuwa amekwisha kuwasha moto wa pilipili.