Mkono Aliotengeneza Fortunata

Mashine ya kupukuchua mahindi iliuchukua mkono wa kulia wa Marselino, chini kidogo ya kiwiko, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena shamba lake la ulezi kijijini kwake Pito. Alishinda barazani, mkono wa shati umefungwa fundo, akiangalia magugu yanavyolimeza shamba hilo.

Bintiye Fortunata, fundi simu wa mtaa wa Chanji, mjini, aliapa kumtengenezea mkono mwingine. Alichonga vidole vya plastiki, kila kimoja kikivutwa kwa uzi na servo, mota ndogo ya magari ya kuchezea. Mota hizo hazitosheki na umeme tu. Husubiri mapigo ya umeme kutoka kwenye chipu inayoziongoza. Pigo la milisekunde moja, yaani sekunde igawanywe mara elfu, kidole kinakunjuka. La milisekunde mbili, kinajikunja. Na lirudiwe mara hamsini kila sekunde. Lakini vidole alivyochonga vilitetemeka kama vya mgonjwa wa malaria.

Alihangaika miezi minne. Mwishowe akagundua kosa ni la programu yake: ilihesabu muda huku ikichungulia kama kitufe cha mkono kimebonyezwa, kwa hiyo mapigo yakatoka mengine marefu, mengine mafupi. Akaiachia saa ya ndani ya chipu kazi ya kuhesabu. Mtetemo ukakoma. Fortunata akalia kwa furaha, peke yake dukani.

Jumapili, baada ya misa, akaenda Pito.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umeuleta?"

Akamfunga mkono huo kwa mikanda. Mzee akabonyeza kitufe ubavuni mwake. Vidole vikajikunja taratibu, vikashika kikombe. Akacheka, mara ya kwanza tangu ajali. Kisha akainuka, akaliendea jembe lililoegemea ukuta.

"Baba, subiri, huo bado..."

Jembe lilipanda, likapiga udongo mgumu wa uani mara moja tu. Ndani ya mkono kukalia krrr, meno ya plastiki ya mota yakasagika. Vidole vikalegea, jembe likaanguka.

"Nitatafuta mota zenye meno ya chuma," alisema Fortunata, ingawa alijua hata hizo zisingeuweza udongo ule. Baba yake alimtazama usoni, naye akalijua hilo pia.

"Nifungue, mwanangu. Kikombe nakishika kwa kushoto. Mimi nilitaka kulima."

Alimfungua. Mzee hakungoja hata kesho. Alimwita jirani yao, Yohanes, wakazungumza Kifipa kwa sauti ya chini. Shamba alimwachia alilime yeye. Kisha akaliokota jembe kwa mkono wa kushoto, akampa Yohanes. Fortunata alishindwa kuangalia.